Mkate wa Mtu Aliyechoka

Maongezi ya asubuhi redioni. Somo: 1 Wafalme 19:1–8

 Ninyi mnaotusikiliza mkiwa nyumbani pamoja na jamaa zenu, Bwana asifiwe. Na ninyi mnaotusikiliza mkiwa mbali na kwenu, redio ikiwa dirishani mwa chumba cha kupanga, au juu ya meza ya bawabu langoni, au jikoni kati ya masufuria, asubuhi ya leo tumekuja kwenu hasa. Kaeni nasi dakika chache kabla hamjaitwa kazini.

Tunataka kuzungumza juu ya jambo dogo, nalo ni faraja ndogo ndogo za mtu afanyaye kazi kutwa mbali na kwao. Kikombe cha chai ya tangawizi. Kivuli cha mwembe saa saba mchana. Upepo wa bahari unapomkuta mtu ametoka kwenye joto la jiko. Sauti ya mtu wa nyumbani katika simu. Huenda mtu akauliza, Je, haya nayo ni mambo ya kuhubiriwa? Hata sisi zamani tulidhani si mambo ya kuhubiriwa. Tulidhani mahubiri ni ya mambo makubwa, na chai ni chai tu. Lakini tulifundishwa vingine, na aliyetufundisha alikuwa mama mmoja muuza mahamri, kando ya barabara ya Diani.

Wasikilizaji wa bara ambao hawajafika kusini mwa Mombasa, hebu tuwaelekeze njia. Ukitoka kisiwani Mombasa wavuka kwa feri hadi Likoni. Kutoka hapo barabara yashika kusini, yapita Waa na Tiwi, na baada ya kilomita 30 hivi wafika Ukunda. Ukikata kushoto waenda Diani, penye mchanga mweupe na mahoteli. Ukiendelea mbele wafika Gazi, kisha Msambweni, kisha Ramisi, mpaka Lungalunga kwenye mpaka wa Tanzania. Ni nchi nzuri, yenye minazi na miembe, na wenyeji wake Wadigo ni watu wa adabu.

Nchi hiyo yawajua wageni wa kazi tangu zamani. Mashamba ya miwa ya Ramisi na mashamba ya mkonge yaliwavuta watu wa kila upande. Wako Wamakonde waliotoka Msumbiji kuja kukata miwa na mkonge, wakazaa watoto na wajukuu hapo hapo Kwale. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, nao wakabaki. Hawakuwa na vitambulisho vya nchi mpaka walipofunga safari ya kwenda Nairobi mwaka 2016 kuomba haki yao, na mwanzoni mwa mwaka 2017 wakaanza kupewa. Wako pia wavuvi wa dago, watokao Pemba na kwingineko wakati wa kaskazi, wakapiga kambi ufuoni, wakavua mpaka upepo ugeuke. Na tangu mahoteli yalipojengwa Diani, wamekuja vijana wa kila kabila kutandika vitanda, kupika, kufua, kulinda na kukata nyasi. Mgeni wa hoteli aona bahari. Mfanyakazi apita mlango wa nyuma, na siku nyingine bahari haioni kabisa, ijapokuwa ni hatua mia moja tu kutoka alipo.

Sisi nasi tulikuwa katika hao. Miaka ya themanini tulikuwa vijana wanne katika chumba kimoja Ukunda, chumba cha udongo chenye paa la makuti. Tulikuwa na kitanda kimoja na mikeka miwili. Mmoja wetu alikuwa bawabu wa usiku, mmoja alitandika vyumba, mmoja alimwagilia maua, na mwenzetu wa nne, kijana mrefu mpole, aliosha masufuria. Mmoja akirudi alfajiri, mwingine alikuwa anatoka, hata kitanda hakikupata kupoa. Tulikwenda kazini kwa miguu ili tuokoe nauli. Kila mwisho wa mwezi tulikwenda posta kutuma hawala nyumbani, na iliyobaki ndiyo tuliyolia.

Njiani, chini ya mwembe, alikaa mama mmoja Mdigo, mtu mzima, na karai lake la mahamri na sufuria ya mbaazi za nazi. Sisi tulimwita Mama, naye alituita wanangu. Alikuwa Mwislamu wa kusali sala zote tano. Alijua kwetu sisi sote, alijua wazazi wetu wangali hai au wamekufa, na alijua ni nani mwenye deni la juzi. Kila alfajiri tulisimama pale tukala mahamri mawili mawili na kunywa chai ya rangi, mbingu ikipambazuka upande wa bahari. Dakika kumi tu. Lakini twawaambia kweli, dakika kumi hizo zilitubeba mpaka jioni.

Ikafika Aprili, mvua zikaanza. Wale waliokaa Diani wajua maana yake. Wageni hupungua, vyumba hufungwa, na wafanyakazi wengi huambiwa waende mpaka waitwe tena. Mwenzetu mrefu akawa mmoja wa walioambiwa waende. Hakwenda kwao. Aliona haya kurudi mikono mitupu. Akakaa pale chumbani, na jioni akaenda mangweni kunywa mnazi. Mwanzoni alirudi akiimba. Baadaye alirudi kimya. Kisha akaacha hata kwenda mangweni, akawa amelala mkekani, uso ameuelekeza ukutani.

Katika majuma hayo zilimjia barua tatu kutoka kwao. Tulimletea sisi wenyewe kutoka kazini, kwa kuwa barua zetu zilipitia sanduku la posta la mwajiri. Alizipokea, akazitia chini ya mkeka bila kuzifungua. Alisema, “Najua yaliyomo. Wataka fedha, nami sina.” Sisi tulimsikia, tukanyamaza. Tuliambiana kwamba kila mtu ana mzigo wake. Kila alfajiri tulimruka pale alipolala, tukaenda kula mahamri yetu.

Siku moja Mama akatuuliza. Tulimsalimu, “Shikamoo, Mama,” naye akajibu, “Marahaba, wanangu. Yule mwenzenu mrefu yuko wapi? Leo siku ya tatu simwoni akipita.”

Tukasema, “Yupo, Mama. Amelala tu.”

Akatuangalia mmoja mmoja. Akasema, “Mtu halali siku tatu, wanangu. Aliyelala siku tatu ana lake moyoni.” Akachukua mahamri manne, akayafunga katika karatasi, akatia mbaazi katika kikopo. Tulipotia mkono mfukoni akakataa. “Haya si ya kuuza. Mpelekeeni yangali moto. Wala msimsemeshe kwanza. Na ale kwanza.”

Mmoja wetu akarudi chumbani akachelewa kazini siku hiyo, akakatwa mshahara. Akamwamsha mwenzetu, akamgusa bega, akamwekea chakula. Hakumwambia neno. Yule kijana akala hamri moja, kisha la pili, akanywa maji, akalala tena. Jioni tuliporudi tulimkuta ameketi. Amekula yaliyobaki, na barua tatu ziko mapajani pake. Akasema, “Nisomeeni ninyi. Mimi siwezi.”

Tulisoma kwa mwanga wa kibatari. Barua ya kwanza ilisema baba yake ni mgonjwa sana, na kila siku anamwuliza. Tena fedha isimsumbue, aje tu. Barua ya pili ilisema baba amekwisha kuzikwa, na walimngojea mpaka siku ya mwisho. Barua ya tatu iliandikwa kwa maneno ya mama yake. Ilisema mvua zimenyesha vizuri, ng’ombe amezaa, na mahali pake nyumbani papo. Aje hata kama hana kitu mkononi.

Wapenzi, ile barua ya kwanza ilikuwa imekaa chini ya mkeka majuma sita. Hakuna hata moja katika hizo tatu iliyoomba fedha.

Usiku ule hatukulala. Alilia mpaka sauti ikakauka, nasi tulikaa naye. Asubuhi tulichanga nauli, na Mama alichanga pia. Tukamsindikiza hadi Likoni, akavuka, akapanda basi la bara. Kaskazi iliporudi naye alirudi, akafanya kazi miaka mingi, na tangu siku hiyo hakuacha juma lipite bila kuandika kwao. Lakini baba yake hakumwona. Na sisi watatu twalijua jambo ambalo hakupata kutulaumu kwalo hata mara moja. Kama tungalimpelekea mahamri yale majuma sita mapema, pengine angalimkuta baba yake yu hai. Chakula tulikuwa nacho, na njia tuliipita kila siku. Tuliona ni kitu kidogo mno cha kumsaidia mtu mwenye taabu kubwa.

Sasa na tufungue Kitabu. Nabii Eliya naye alikuwa mfanyakazi aliye mbali na kwao. Kwao kulikuwa Gileadi, ng’ambo ya Yordani, lakini kazi ya Bwana ilimpeleka huku na huku: kwenye kijito Kerithi, kwa mjane wa Sarepta katika nchi ya kigeni, juu ya mlima Karmeli. Alifanya kazi kubwa iliyoonekana na watu wote. Baada ya kazi hiyo, malkia Yezebeli alipotuma neno la kumwua, nguvu zilimwisha. Alikimbia hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja. Akaketi chini ya mti wa mretemu, akaomba afe. Kisha akalala.

Angalieni alivyofanya Bwana. Hakumtumia sauti ya kumkemea. Hakumkumbusha moto wa Karmeli na kumwuliza imani yake imekwenda wapi. Alimtuma malaika, na malaika akamgusa, akamwambia ainuke ale. Karibu na kichwa chake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Alikula, akanywa, akalala tena, na malaika hakumkataza kulala. Akamjia mara ya pili, akamgusa tena, akamlisha tena, kwa sababu safari iliyo mbele yake ilikuwa imezidi nguvu zake. Swali la Mungu, la kumwuliza anafanya nini mahali hapo, lilikuja baadaye, kule Horebu, baada ya chakula, baada ya usingizi, na baada ya mwendo wa siku arobaini. Kwanza alikula.

Wavuvi wa Msambweni na Gazi mnaotusikia, someni pia Yohana sura ya 21. Petro alikuwa amemkana Bwana mara tatu. Alikesha usiku kucha baharini bila kupata kitu. Alfajiri alimkuta Yesu ufuoni, naye amekwisha kuwasha makaa, samaki wako juu yake, na mkate upo. Bwana alikuwa na swali zito la kumwuliza Petro. Lakini hakumwuliza tumbo likiwa tupu na nguo zikiwa maji. Aliwakaribisha wale. Walipokwisha kula, ndipo alipouliza. Yule mama wa Ukunda hakuisoma sura hiyo, lakini alifanya vivyo hivyo, nasi tulioisoma tulipita tu.

Kwa hiyo basi, ndugu yangu uliye mbali na kwenu, usiidharau faraja ndogo uliyopewa. Usione haya kufurahia kikombe chako cha chai, au kuketi dakika kumi ufuoni baada ya kazi kutazama mashua za wavuvi zikirudi, au kuwatazama mbega wa Diani wakivuka barabara juu ya kamba walizofungiwa mitini. Huo ni mkate wa makaa na maji ya kunywa, umewekewa kichwani pako. Mshukuru aliyeuweka.

Lakini si kila kitu kinachotuliza ni mkate wa Mungu. Mwenzetu alitafuta utulivu mangweni, na mangwe ulimchukua akawa mbali zaidi na kwao kuliko siku aliyopanda basi kuja pwani. Siku hizi kuna michezo ya kubahatisha katika simu, mshahara wa mwezi ukapotea kabla ya chai ya saa nne. Wako pia wanaojitafutia jamaa ya pili mjini na kuisahau ile ya kwanza. Basi mtu atajuaje faraja ya kweli? Sisi tumejifunza kuuliza maswali matatu.

Swali la kwanza ni hili: Je, naweza kuwasimulia watu wa nyumbani? Mahamri ya Mama tuliyaandika katika barua zetu, hata mama zetu wakamtumia salamu. Faraja ambayo huwezi kumtajia mkeo, au mumeo, au mzazi wako, au mtoto wako, hiyo si rafiki yako.

Swali la pili: Je, yanipa nguvu za kesho, au yazikopa? Mkate wa Eliya ulimpa miguu ya siku arobaini. Ukiamka na kichwa kizito, mfuko mtupu na moyo wenye aibu, ujue ulichokula jana hakikuwa mkate. Kilikuwa deni.

Swali la tatu: Je, yagawanyika? Faraja nyingi njema hugawanyika bila kuisha. Chai yaweza kuongezwa maji. Kivuli cha mwembe chatosha watu kumi. Mwezi wa Machi mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga mahoteli, wengi walisimamishwa kazi Diani na Ukunda, na tarehe 8 Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka katika kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi. Mtu hakuwa na kazi, wala hakuweza kwenda kwao. Siku zile wako waliokula kwa sababu jirani alikata muhogo wake sehemu mbili. Waislamu waliwapelekea Wakristo futari, na Wakristo walichota unga wao wakapeleka mlango wa pili. Mjane wa Sarepta, mtu wa nchi nyingine, alimlisha Eliya kwa konzi ya mwisho ya unga. Mungu hajaacha kuwalisha watu wake kwa mikono ya majirani.

Na hapa twataka kusema neno wazi, tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi mfanyakazi aridhike na kikombe cha chai mahali anapostahili mshahara. Yakobo katika waraka wake, sura ya 5, asema kwamba ujira waliozuiliwa wavunaji wapiga kelele, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana. Wewe uliyeajiri watu, uwe na hoteli kubwa au msichana mmoja wa kazi nyumbani, usimpe kwa mkono wa kushoto maneno matamu ya dini huku mkono wa kuume umeshika haki yake. Mpe mshahara wake siku yake. Mpe siku yake ya kupumzika. Mpe nafasi ya kwenda kwao kuzika. Hizo si faraja ndogo, wala si zawadi. Ni haki.

Nanyi mnaotuma fedha nyumbani, twawasifu. Zamani hawala ya posta ilichukua siku nyingi. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha hufika kabla hujatia simu mfukoni. Lakini fedha hufika bila sauti. Mama yako aliyepokea shilingi mia tano bado hajui kama umekula, kama unakohoa, kama unalala vizuri. Baada ya kutuma, piga simu. Na siku usipokuwa na kitu cha kutuma, siku hiyo hasa ndiyo ya kupiga simu. Kama unayo barua usiyoifungua, au ujumbe wa kwenu ambao umekuwa ukiuogopa, twakusihi, usome leo. Pengine haukudai kitu. Pengine wasema tu kwamba mahali pako papo.

Mwisho, twawaomba ninyi makanisa ya Ukunda, Diani na Msambweni, na makanisa yote yaliyo mahali penye wageni wa kazi. Mfanyakazi wa hoteli huwa kazini Jumapili asubuhi, kwa sababu wageni wala Jumapili kama siku nyingine. Bawabu aliyekesha hawezi kukaa katika ibada ya saa tatu zisizo na kikomo. Muuguzi wa hospitali ya Msambweni hawaachi wagonjwa kwa sababu kengele imelia. Msiandike majina yao kuwa ni watoro. Wawekeeni ibada fupi saa tisa alasiri, au maombi ya nusu saa jioni ya Jumatano. Na chai iwepo. Mzee wa kanisa atakayeona chai hiyo ni gharama, na asome tena habari za mretemu. Halafu mhesabu watu wenu. Mwenye kuonekana kila juma akakosa mara tatu, msingoje mkutano wa baraza. Mmoja na aende kwake, abebe kitu cha moto, wala asianze kwa kumwuliza kwa nini hakuja.

Yule mama alikwisha kufariki. Mwembe wake ulikatwa barabara ilipopanuliwa. Lakini sisi watu wanne, ambao sasa ni wazee na tuko kila mmoja kwao, bado twapigiana simu, na mwenzetu mrefu ndiye apigaye mara nyingi kuliko wote. Haanzi na habari. Huuliza kwanza, “Mmekula?”

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, Wewe wawajua watoto wako waliolala mbali na nyumbani usiku huu uliopita. Wawajua walio zamu, na walio safarini, na walioambiwa wasirudi kazini. Twakushukuru kwa chai na kwa kivuli, kwa upepo na kwa jirani. Tusamehe tuliompita mwenzetu amelala tukaenda kula peke yetu. Mwamshe leo kila aliyegeuzia ukuta uso wake; mtume mtu amguse bega, na chakula kiwe tayari. Linda feri na magari na mashua. Wape waajiri mioyo ya haki. Na kila aliye njiani umpe mkate wa kumfikisha, mpaka siku ya kufika kwako, tusipokuwa tena wageni. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wapenzi wasikilizaji, kazi njema. Bwana awe nanyi mpaka tutakapokutana tena.